Kiingereza cha wenzetu kinachotukera: dhana potofu na ukweli wake

Hakuna lugha inayotufanya tuchekane kama Kiingereza. Nairobi, anayesema "lice" akimaanisha "rice" huambiwa ameshrabu, yaani lugha ya kwao imeingilia Kiingereza chake. Dar es Salaam, kiongozi akiteleza neno moja anapomwaga ung'eng'e, kipande cha video kinasambaa kabla hajashuka jukwaani. Waingereza na Wamarekani nao wana orodha ndefu ya matamshi ya wenzao wasiyoyavumilia. Hukumu nyingi kati ya hizo hazina mashiko. Tulizipokea shuleni, tukaziamini, na sasa tunazitumia kuwadharau watu wasio na kosa.

Dhana: Anayesema "aks" badala ya "ask" hakusoma

Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu ina madhara ya kweli. "Aks" inasikika sana kwa Wamarekani Weusi, kwa watu wa Karibiani na kwa vijana wengi wa London, na wasikilizaji huichukulia kuwa dalili ya ujinga au uvivu wa ulimi.

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo yote mawili, "ascian" na "acsian", na yote yaliandikwa na watu waliosoma. Mshairi Geoffrey Chaucer, wa karne ya 14, aliandika "axe". Mwaka 1535 Miles Coverdale alitoa Biblia nzima ya kwanza kupigwa chapa kwa Kiingereza. Fungua Mathayo 7:7, pale sisi tunaposoma "Ombeni, nanyi mtapewa": Coverdale anaanza mstari huo kwa neno "Axe". Baadaye "ask" ilishinda katika maandishi sanifu, lakini "aks" iliendelea kuishi katika lahaja za England na ikavuka bahari pamoja na waliozizungumza.

Isitoshe, sauti mbili kubadilishana nafasi ni jambo la kawaida katika lugha hiyo. "Bird" hapo kale ilikuwa "brid", na "third" ilikuwa "thridda". Leo hakuna anayemcheka mtu kwa kusema "bird". Kilichobadilika ni hadhi ya wasemaji tu.

Hadhi hiyo ina bei yake. Mwaka 1999 mwanaisimu John Baugh na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika eneo la San Francisco. Baugh aliwapigia simu wenye nyumba za kupangisha akitumia maneno yaleyale kwa lafudhi tatu: ya Wazungu, ya Wamarekani Weusi na ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Katika mitaa yenye Wazungu wengi, lafudhi mbili za mwisho zilipata miadi michache zaidi ya kwenda kuona nyumba. Hakuna aliyeona sura yake.

Dhana: Wamarekani wamekiharibu Kiingereza cha Waingereza

Chukua R ya mwisho katika "car" au "far". Mwalimu aliyefuata lafudhi ya London alituambia tuimeze, na anayeikoroga kama Mmarekani akaonekana anajitia. Kumbe R hiyo ndiyo ya zamani. Kusini mwa England ilianza kupotea kwa kasi katika karne ya 18, wakati makoloni ya Amerika yalikuwa yameshaota mizizi. Waskoti na Waairishi wanaitamka hadi leo.

Baada ya kuimeza, watu wa kusini mwa England walijikuta wakiitoa pasipo na R kabisa. Msikilize Mwingereza wa huko akisema "law and order" harakaharaka: utasikia R katikati ya "law" na "and", japo haijaandikwa popote. Sababu yake inaeleweka. Katika "far" peke yake R haisikiki, ila ikifuatwa na irabu, kama "far away", inarudi. Sikio likazoea kwamba neno lenye mwisho wa aina hiyo huunganishwa na irabu kwa R, na "law" ikaingizwa kwenye mkumbo huo. Mtangazaji aliyesoma vyuo vikubwa anafanya hivyo bila kujua, na wapo Waingereza wenzake wanaokereka kwelikweli.

Vipi kuhusu "soccer", neno linalowaudhi wapenzi wa mpira? Lilizaliwa England. Football Association, chama cha mpira cha England, iliundwa mwaka 1863, na wanafunzi wa Uingereza waliokuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyapachika "-er" walichukua "soc" kutoka "association", kama walivyoiita ragbi "rugger". Na wanaosahihisha "organize" kwa madai kwamba Z ni ya Kimarekani wajue kuwa wachapishaji wa Oxford wameitumia miaka na miaka.

Dhana: Kila herufi isiyotamkwa ilitamkwa zamani

Ingekuwa hivyo, tungepata faraja kidogo. Lakini B ya "debt" haikuwahi kuwa na kazi mdomoni mwa Mwingereza. Neno lilitoka Kifaransa likiwa halina B, kisha wasomi wakaichomeka ili lifanane na "debitum" la Kilatini. S ya "island" nayo ilipachikwa kimakosa, kwa kulifananisha neno hilo na "isle" lenye asili ya Kilatini.

"Often" ni kinyume chake. T yake ilitamkwa, ikaachwa, kisha ikarejeshwa na watu waliojifunza kusoma na kulitamka neno kama walivyoliona. Kwa hiyo anayetamka T hiyo ana haki sawa na asiyeitamka, na kamusi zinakubali yote mawili.

Dhana: "They" kwa mtu mmoja ni uzushi wa juzi

Ilikuwepo tangu karne ya 14, hasa pale mtu anapotajwa bila kujulikana ni mwanamume au mwanamke. Sisi jambo hili halitusumbui: "mtu akisahau mwavuli wake" inatosha kwa wote. Ndiyo maana pia watoto wetu wanaoanza Kiingereza humwita mama "he". Hakuna kilichowahi kuwadai watofautishe. Wanaosema neno la wingi haliwezi kumhusu mtu mmoja wasahau basi na "you", ambayo ilikuwa ya wingi enzi ambazo mtu mmoja aliitwa "thou".

Kuna kanuni nyingine zinazosimamiwa kama sheria ilhali zilianza na maoni ya mtu. Ile inayokataza kumaliza sentensi kwa kihusishi, kama "with" au "of", ilipata nguvu mwaka 1672, mshairi John Dryden alipowakosoa waandishi waliomtangulia. Ile ya "fewer" kwa vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika inatokana na mwandishi Robert Baker, aliyeieleza mwaka 1770 kama upendeleo wake tu.

Dhana: Kuongeza irabu ni ulimi mzito wa Mwafrika

Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Ndiyo maana "club" ikawa kilabu na "film" ikawa filamu. Kila lugha hukarabati neno geni namna hiyo. Waingereza walipochukua "psychology" na "pneumonia" kutoka Kigiriki, walishindwa kuanza na P na S, au P na N, wakaitupa P. Wakikutana na jina Nkrumah, wengi huongeza irabu mbele, sawa kabisa na sisi tunavyofanya. Na "Kenya" waliitamka "Kiinya" kwa muda mrefu, hadi baada ya uhuru wa 1963, tamko la wenye nchi liliposhika.

Anayetaka kweli Kiingereza chake kieleweke na wageni, basi ahangaikie kwanza mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu, ndipo ahangaikie L na R. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunauhamishia huko hata usipotakiwa. Tunasema meneja na kalenda tukiikaza "ne" na "le", ambayo ni sahihi kabisa kwa Kiswahili, kisha tunazikaza "manager" na "calendar" papo hapo, wakati Mwingereza anakaza mwanzo. Ukikaza silabi ambayo hakuitegemea, anatafuta neno jingine kichwani na kukuomba urudie. Sisi wenyewe tunaujua uzito wa mkazo: barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa" huandikwa vilevile, na mgeni akikosea silabi ya kukaza, inabidi tumfikirie kwanza.