Kuidhinisha au kuadhibu: maana mbili za "sanction"

Kitenzi cha Kiingereza "sanction" kina maana mbili zinazopingana: kuidhinisha jambo, na kumwadhibu mtu, kampuni au nchi, hasa kwa kuiwekea vikwazo. Maana ya pili imetawala habari za kimataifa kiasi kwamba wafasiri wengi wameisahau ile ya kwanza, na matokeo yake tunasoma kuwa bodi fulani "imeyawekea vikwazo" malipo ambayo kwa hakika imeyaidhinisha. Kosa hilo si dogo, kwa sababu msomaji huondoka akiamini kinyume kabisa cha kilichotokea.

Mgongano huu una historia yake. Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kilatini "sancire", yaani kulifanya jambo liwe takatifu ili lisivunjwe, na "sanctus", mtakatifu, ni la ukoo huohuo. Kwa Warumi, "sanctio" ilikuwa hasa ile sehemu ya sheria iliyotaja adhabu ya atakayeivunja. Kuitia sheria nguvu na kumtisha mvunjaji wake yalikuwa, basi, mambo yaliyokwenda pamoja, na lugha za baadaye ndizo zilizoyatenganisha. Tamko la mwaka 1713 la mfalme Charles VI wa nasaba ya Habsburg, lililoruhusu milki zake zirithiwe na binti, huitwa "Pragmatic Sanction" ingawa halikuwa adhabu kwa yeyote. Lakini "sanctions" ambazo Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia mwaka 1935 kwa kuivamia Ethiopia zilikuwa adhabu tupu. Kitenzi chenyewe kilianza kwa maana ya kuidhinisha, na ile ya kuadhibu ilikuja baadaye sana.

Kinachosaidia zaidi kutambua maana iliyokusudiwa ni kuangalia yambwa, yaani yule au kile kinachotendwa na kitenzi. Anayetajwa akiwa mtu, taasisi au nchi, mara nyingi ameadhibiwa. Kikitajwa kitendo, mpango au matumizi ya fedha, mara nyingi kimeidhinishwa. Nasema mara nyingi kwa kuwa wanasheria hutumia kitenzi hicho pia kwa mahakama inayoadhibu mwenendo mbaya, na hapo muktadha ndio unaoamua. Ila "state-sanctioned" haina utata huo: shambulio likielezwa hivyo, halikuwekewa vikwazo na serikali, bali lilifanyika kwa idhini yake, na hivyo ndivyo inavyofaa kulitafsiri.