Udiwani: Sheria Haiulizi Kama Mgombea Ana Mume

Katika mikutano ya elimu ya uraia ambayo sisi wa ofisi ya uchaguzi tunaifanya shehia kwa shehia, Unguja na Pemba, malalamiko yanayohusu udiwani yamekuwa mengi kuliko ya Uwakilishi, yaani ujumbe wa Baraza la Wawakilishi. Mengi ya malalamiko hayo hayahusu kituo kilichochelewa kufunguliwa wala karatasi zilizopungua. Yanamhusu mtu. Kijana mwenye rasta amepitishwa na chama chake kugombea wadi. Mwanamke aliyeachwa na mumewe, muuza urojo, amempita mwalimu mstaafu. Mtu asiyeona amechukua fomu. Wananchi wanafika ofisini, na tunaamini kwa nia njema, kutuuliza kwa nini tumewaachia.

Hakuna aliyewaachia. Sheria inauliza mambo machache: awe Mzanzibari aliyeandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, awe ametimiza umri uliowekwa, ajue kusoma na kuandika, apendekezwe na chama cha siasa chenye usajili wa kudumu, na asiwe na kizuizi cha kisheria, kama vile hukumu ya makosa yaliyotajwa au kuthibitishwa kuwa hana akili timamu. Akishajibu hayo kwenye fomu, wadhamini wakasaini na fomu ikarudi ndani ya muda, amegombea. Urefu wa nywele haumo. Kazi anayofanya jioni haimo. Talaka haimo. Na kwa kuwa swali hili tunaulizwa kila tunapokwenda, nalisema wazi: hakuna sehemu ya fomu inayotaka saini ya mume.

Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinaweka usawa mbele ya sheria, na kifungu cha 21 kinampa Mzanzibari haki ya kushiriki katika shughuli za utawala. Msimamizi wa Uchaguzi akimkatalia mtu fomu kwa sababu ya sura yake, yeye msimamizi ndiye atakayejieleza.

Kuna pingamizi moja nililoletewa mezani ambalo hadi leo nalitumia kufundishia watumishi wapya, jina la mhusika likiwa limefutwa. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi mbili za daftari la skuli. Nyuma yake zilibanwa picha nne zilizochapishwa kutoka kwenye simu, zikimuonesha mgombea akicheza harusini, kanga kiunoni, mkono mmoja juu. Chini ya kila picha mlalamikaji ameandika saa na tarehe, kazi safi kabisa. Ila katika kurasa zote mbili hakutaja kifungu hata kimoja kilichovunjwa, na mwishoni hakuweka jina wala saini. Mtu amepoteza fedha za kuchapisha picha za rangi kuthibitisha kwamba bibi fulani alialikwa harusini.

Sitaki kuwacheka wananchi. Udiwani ni kazi ya karibu na nyumba ya mtu. Diwani ndiye anayepigiwa simu taka zikilala barabarani siku tatu, mtaro ukiziba, au wafanyabiashara wa sokoni wakipandishiwa ada bila kuelezwa. Kwa hivyo watu wanapomtazama mgombea wanamtazama kama wanavyomtazama anayekuja kuposa: wanauliza wazazi wake, mwenendo wake, anaswali wapi. Hilo ni haki yao na hatuna nia ya kuwanyang'anya. Tunachosema ni kwamba maswali hayo yana mahali pake, napo ni ndani ya kituturi, mtu akiwa peke yake na karatasi yake. Si kwenye meza ya Msimamizi.

Suala la wanawake linahitaji maelezo zaidi kwa sababu hapa upotoshaji umekuwa mkubwa. Katika mikutano yetu kila mara husimama mtu akasema: "Kina mama wana viti vyao maalum, wadi watuachie." Hoja hii wanaisema wanaume, na inasikitisha kwamba wapo pia wanawake wanaoisema. Viti maalum ni nyongeza. Havikuwekwa ili kuwahamisha wanawake kutoka kwenye kura ya moja kwa moja. Mabadiliko ya kumi ya Katiba, ya 2010, yalipopandisha sehemu ya viti vya wanawake katika Baraza la Wawakilishi kutoka asilimia 30 hadi 40, hayakuandika popote kwamba majimbo yaliyobaki ni ya wanaume. Mfano upo karibu: Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2010 akasimama mwenyewe jimboni Makunduchi kuwania Ubunge, akachaguliwa. Viti maalum vilikuwa mlango. Havikuwa ukuta.

Na wanaosema mwanamke katika siasa ni jambo geni visiwani wasome historia yetu wenyewe. Uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume tu, tena wenye sifa za umri, mali au elimu. Ulipofika Januari 1961 wanawake walipanga foleni na kupiga kura, na katika uchaguzi huo chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Kura moja. Nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kura ya mama yupi haina uzito?

Kuhusu masheha, yaani viongozi wa shehia, naomba nieleweke, kwa sababu uvumilivu wetu kwenye jambo hili unakaribia kwisha. Tarehe 27 Novemba 2024 wenzetu wa Tanzania Bara walichagua wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji. Picha zikatufikia huku, na tangu wakati huo tunaulizwa lini tutachagua sheha. Sheha hachaguliwi. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na yumo katika safu ya utawala wa mikoa. Diwani ndiye anayechaguliwa, na anakaa katika baraza la mji, la manispaa au halmashauri ya wilaya, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Ni watu wawili, sheria mbili. Sheha anaweza kuombwa athibitishe ukaazi wa mtu. Hawezi kumwambia mtu asichukue fomu, na akimwambia hivyo mtu huyo asiondoke kurudi nyumbani kulalamika kwenye baraza ya kahawa, aje kwetu.

Nikubali hapa kwamba kikwazo kikubwa cha mgombea asiyezoeleka kwa kawaida hakiko kwetu. Kiko kwenye chama. Sheria zetu hazimruhusu mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, katika shauri la Mchungaji Mtikila, ilitoa uamuzi tarehe 14 Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa sheria iliyopo mkononi leo, asiyependekezwa na chama hapiti. Kijana wa rasta kwa hivyo ameshavuka kura za maoni na vikao vya wazee wa chama chake kabla sisi hatujaliona jina lake. Ukitaka kujua ameaminiwa kwa lipi, kaulize huko. Namna chama kinavyowapata wagombea wake si jambo ambalo ofisi hii inaweza kulisemea.

Wengine wanasema mambo haya ya wagombea wa ajabu yametoka Ulaya na Marekani. Hapa Tanzania mwaka 2010, Salum Khalfani Bar'wani, mwenye ualbino, alichaguliwa Mbunge wa Lindi Mjini, wakati ambapo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuliwa katika baadhi ya mikoa. Mwaka huohuo Joseph Mbilinyi, msanii wa hip hop anayejulikana kwa jina la Sugu, alishinda Mbeya Mjini, na 2015 mwenzake Joseph Haule, Profesa Jay, akachukua Mikumi. Walioandika kwamba hao ni wahuni wa muziki walikuwa wengi. Walioweka alama ya vema mbele ya majina yao walikuwa wengi zaidi.

Ila kwa kuwa klipu za nje zinazunguka sana kwenye makundi ya simu, nizijibu mbili. Ya kwanza ni ile ya mbwa aliyechaguliwa meya huko Rabbit Hash, jimbo la Kentucky, Marekani. Jamani. Rabbit Hash si mji wenye mamlaka ya serikali, ni kitongoji kidogo, na hiyo "kura" inauzwa dola moja ili kuchangia utunzaji wa majengo ya kale. Mwenye fedha anapiga kura ishirini. Ule ni mchango. Hauna uhusiano wowote na uchaguzi, na anayeuleta kwenye mkutano kama ushahidi kwamba demokrasia ni mchezo anatupotezea muda.

Ya pili inahusu mji mdogo wa Silverton, katika jimbo la Oregon, Marekani hukohuko. Novemba 2008 wakaazi wake walimchagua Stu Rasmussen kuwa meya, mtu aliyezaliwa mwanamme na aliyekuwa akijitokeza hadharani kwa mavazi na umbo la kike. Tumeulizwa, wakati mwengine kwa ukali, kama huko ndiko elimu ya uraia inakotupeleka. Ofisi hii haina msimamo juu ya mila za Oregon. Zanzibar ina Katiba yake, sheria zake na maadili yake, na mkutano wa elimu ya mpiga kura si mahali pa kuyajadili. Klipu hiyo lakini imeacha jambo moja: Rasmussen hakuwa mgeni kwa watu wa Silverton. Alikuwa akiendesha sinema ya mji, na alikuwa ameshawahi kuwa meya wao miaka ya nyuma. Walichagua mtu ambaye kazi yake wanaijua, na walipokuja kumchoka, mwaka 2014, walimtoa kwa kura hizohizo.

Sasa utaratibu, na hapa naomba wasomaji wasiruke mistari.

Pingamizi dhidi ya mgombea linawekwa na wale waliotajwa na sheria, hasa mgombea mwenzake katika uchaguzi uleule. Linawekwa kwa maandishi, kwa Msimamizi wa Uchaguzi aliyeteua, ndani ya muda uliotangazwa kwenye ratiba. Muda ukipita hata kwa dakika chache, halipokelewi, na tafadhali msitugombeze kwa foleni ya boti au mvua. Liwe na jina kamili, saini na tarehe. Litaje sharti lililokosekana: si Mzanzibari, hakuandikishwa, umri haujatimia, fomu haikudhaminiwa ipasavyo, ana hukumu inayomzuia. Liambatane na ushahidi wa jambo hilo hilo, si wa jambo jengine. Kama dai ni kwamba mtu hajui kusoma, picha za harusi hazisaidii. Mgombea anayelalamikiwa hupewa nafasi ya kujibu. Msimamizi hutoa uamuzi na sababu zake, na asiyeridhika hukata rufaa kwa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Baada ya matokeo kutangazwa, mlango wa pingamizi umefungwa na kilichobaki ni kwenda mahakamani kwa shauri la uchaguzi, ambalo lina masharti yake mengine na gharama zake nyengine.

Upande wa adhabu. Kujaza taarifa za uongo kwenye fomu ya uteuzi ni kosa. Kughushi saini ya mdhamini ni kosa, hata kama mdhamini ni shemeji yako na "asingekataa". Kutoa mchele, vocha za simu au doti za kanga ili mtu apige au asipige kura ni rushwa ya uchaguzi. Anayetoa na anayepokea wote wanakosa, na taarifa hupelekwa ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar. Kumtisha mgombea au kuzuia mkutano wake ni kosa. Kusambaza uongo juu ya mwenendo binafsi wa mgombea ili kumharibia ni kosa, na wanaodhani simu inawaficha wasome kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao Namba 14 ya 2015, ambayo inatumika pia Zanzibar: kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo kwa lengo la kumkashifu au kumtisha mtu kunaweza kukuletea faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtu anabonyeza kutuma akiwa kijiweni, anacheka, hajui kwamba sheria imeanza na miaka 3 kwenda juu.

Limebaki la yule ndugu asiyeona aliyechukua fomu. Tuliulizwa atasomaje nyaraka za baraza wakati sheria inataka mgombea ajue kusoma na kuandika. Anasoma nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, na anaiandika. Sheria inataka kusoma, haikutaja macho. Siku ya kura atapiga kama mpiga kura mwengine yeyote asiyeona, akiomba msaidizi anayemchagua na kumwamini yeye mwenyewe, si msaidizi anayeletewa na wakala wa chama. Akishinda, kumfikishia makabrasha kwa njia anayoweza kuyasoma ni kazi ya ofisi ya baraza, na mkurugenzi anapaswa kuanza kulifikiria hilo sasa badala ya kusubiri kikao cha kwanza.

Wenye malalamiko wafike ofisi ya uchaguzi ya wilaya saa za kazi, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi mkononi. Barua zisizo na jina hatutazijibu.