Ualimu wa shule za kimataifa nje: yanayosemwa mtaani na nilivyokuta mwenyewe

Wiki iliyopita binti wa jirani yetu hapa Chikongola, mwalimu wa hisabati, alikuja nyumbani jioni na bahasha ya kaki. Ndani kuna karatasi tatu, na kwenye simu yake kuna meseji ya muamala, milioni mbili na nusu. Hela ya korosho hiyo, baba yake aliipata mnada wa pili, ikatumwa yote kwa dalali aliyeahidi kumpeleka kufundisha shule ya kimataifa "Dubai", na huyo dalali sa hivi hapatikani. Mi nafundisha Al Ain, huko huko Falme za Kiarabu, mwaka wa nne huu, nipo Mtwara kwa likizo ya Desemba, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yote aliyoambiwa nilishayasikia mimi mwaka naondoka, kwenye basi, msibani, kwenye grupu la walimu, na hamna aliyenikalisha chini akaniambia ukweli ukoje.

La kwanza ndo hilo, eti kazi ya nje haipatikani bila kumlipa mtu. Si kweli. Shule ndo inayomtafuta mwalimu, na kama imetumia wakala basi shule ndo inamlipa wakala. Zipo kampuni zinazochukua ada ndogo ya kujiandikisha, lakini kukuuzia kazi hapana. Kwa Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inakataza pia kukushikia pasipoti yako. Hapa nyumbani wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni, na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wapo, unauliza kabla hujatuma hata mia. Pasipoti yenyewe ni laki na nusu, unajaza fomu mtandaoni halafu unaenda uhamiaji, hamna haja ya mtu wa kukusukumia.

Zile karatasi tulizisoma barazani mpaka kiza kikaingia. Jina la shule lipo, anwani hakuna. Mshahara umeandikwa jumla, haijulikani basic, yaani mshahara wa msingi, ni ngapi na posho ya nyumba ni ngapi. Muda wa mkataba hakuna. Chini kabisa kuna mstari mmoja, kwamba mwalimu ataingia kwa viza ya matembezi na itabadilishwa akishaanza kazi. Nikamwambia yule binti, huu mstari peke yake ulitosha kukataa. Kufundisha kwa viza ya matembezi kule ni kosa, ukikamatwa unakamatwa wewe, na ukinyimwa mshahara unaenda kulalamika wapi wakati kwenye makaratasi ya serikali yao wewe sio mwalimu, ni mtalii.

Na hiyo basic watu wanaipita haraka sana. Kule mgeni hana mfuko wa pensheni kama PSSSF, kinachokuja mwisho ni kiinua mgongo, siku 21 za mshahara wa basic kwa kila mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Inapigwa kwenye basic tu, posho hazihesabiwi. Sasa ukipewa mshahara ambao basic ni kidogo na posho ndo nyingi, kwa mwezi utafurahi, siku ya kuondoka ndo utajua.

Halafu kuna hili la utajiri. Sisi Wamakonde mjomba ndo mwenye neno, na mjomba wangu alikuja kutoka Newala nilivyorudi likizo ya kwanza, akakaa kwenye mkeka, tukala ming'oko, kisha akaniuliza.

"Mpwa wangu, dirham moja ni shilingi ngapi?"

"Kama mia saba mjomba."

Akazidisha kichwani, akanyamaza kidogo. "Sasa bati arobaini zinakushinda nini?"

Sikubishana naye. Nilichukua daftari nikamuandikia mstari mmoja mmoja, mshahara unaingia kiasi gani, kodi ya nyumba kiasi gani (na kule mwenye nyumba anataka hundi za mbele, hundi moja inaweza kubeba miezi mitatu au hata zaidi, mi mwaka wa kwanza niliomba mshahara wa mbele shuleni ndo nikapata pa kuishi), umeme wa kiyoyozi manake Al Ain mwezi wa saba joto linapita 45 na hulali bila kiyoyozi, chakula, usafiri, hela ya mama, ada ya mdogo wangu wa mwisho. Kweli mshahara kule haukatwi kodi ya mapato, hilo walilosikia watu ni sahihi, lakini kutokatwa kodi sio kubaki na hela. Mjomba aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akakaa nao muda mrefu. "Bati kumi na tano," akasema, "kwa awamu." Tangu siku ile hamna mtu kwenye ukoo aliyenidai nisichokuwa nacho, na namuomba kila anayeondoka afanye hivyo kabla hajapanda ndege, aonyeshe namba, asione aibu.

Eti wanachukua wazungu tu. Hapa jibu ni refu kidogo na nalisema kwa uchungu. Upendeleo upo. Kuna matangazo yanaandika wazi wanataka wenye pasi za nchi chache, Uingereza, Marekani, Kanada na wenzao, na China kwa mwalimu wa somo la Kiingereza huo ni utaratibu wa viza kabisa, sio roho mbaya ya mwalimu mkuu. Zipo pia shule zinazolipa tofauti kwa kazi ile ile kwa kuangalia pasi. Lakini fizikia, kemia, hisabati, kompyuta, huko walimu wanatafutwa, na mwenye shahada ya somo lake, mafunzo ya ualimu na miaka miwili ya darasani anaitwa kwenye usaili. Mimi nimesoma shule za kata huku huku kusini, Kiingereza changu kina lafudhi ya nyumbani na watoto wananielewa. Walichoniuliza kwenye usaili ni namna ninavyomfundisha mtoto ambaye hajaelewa mara ya kwanza, na hilo mwalimu aliyefundisha darasa la watoto tisini Tandahimba analijua kuliko wengi.

Neno kimataifa nalo linawachanganya watu. Zile shule za kimataifa za mwanzo, kama ya Geneva ya mwaka 1924, zilianzishwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, na hata International School of Tanganyika pale Dar ina miaka tangu 1963. Siku hizi nyingi ni biashara, na wanafunzi wengi ni wenyeji wenye uwezo. Kibao cha getini hakithibitishi kitu. Uliza wanafundisha mtaala gani, Cambridge wa Uingereza, IB (International Baccalaureate), wa Kimarekani au wa India, halafu tafuta jina la shule kwenye orodha ya hao wenye mtaala, IB wanaweka orodha ya shule zao wazi. Kama haipo, umeshapata jibu.

Eti darasani ni mteremko kwa sababu watoto ni ishirini. Ishirini ni kweli. Ila andalio la somo linakaguliwa, kila mtoto ana ripoti yake, wazazi wanaandika imeili saa nne usiku, na kuna zamu ya uwanjani jua kali. Kiboko sahau, hata kumshika mtoto mkono kwa hasira unaweza kupoteza kazi siku hiyo hiyo, na viza inafuata, kwa sababu viza imefungwa kwenye ajira. Kuna kijana wa miaka 14 alinyoosha mkono wiki yangu ya pili akasema, "Mwalimu, mstari wa tatu alama ni hasi." Darasa kimya. Nyumbani ningesikia kama amenivunjia heshima, nikageuka nikaangalia ubao, kweli ilikuwa hasi, nikamshukuru na nikafuta. Kwao hiyo ndo heshima yenyewe, kwamba anakusikiliza mpaka kwenye alama, na mimi nimekuja kuipenda sana.

Mengine kwa haraka. Sio lazima ujue Kiarabu, Kiarabu kina walimu wake. Sio lazima uwe Muislamu. Kufanya kazi nje hakukunyimi uraia, unaupoteza ukichukua uraia wa nchi nyingine. Mwalimu wa Kiswahili naye ana nafasi japo chache, Cambridge wana mtihani wa Kiswahili na IB vilevile, na wapo watoto huko nje wanaosoma fasihi ya lugha ya kwao kwa msaada wa mwalimu wa mtandaoni. Na kama umeajiriwa serikalini usiondoke kimyakimya, huo ni utoro kazini na Tume ya Utumishi wa Walimu ina utaratibu wake, omba ruhusa kwa maandishi hata ikichelewa.

Muda nao. Shule nyingi zinaanza mwaka Agosti au Septemba, na zinatafuta walimu kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, yaani minada ya korosho ikianza na wao ndo wanaanza. Ukianza kuhangaika Juni umechelewa, manake vyeti vinataka kuthibitishwa na wizara ya mambo ya nje halafu na ubalozi, na cheti cha tabia njema cha polisi nacho kinatakiwa. Haya hayaendi kwa wiki moja.

Yule binti juzi tulienda wote polisi kuandikisha maelezo, na namba ya dalali wameichukua. Leo asubuhi kaja tena na bahasha ile ile, ila ndani kaweka cheti cha chuo, matokeo ya kidato cha sita na barua ya mkuu wake wa shule. Kuna shule moja Oman imemjibu mwenyewe moja kwa moja, wanataka afundishe dakika ishirini mbele ya kamera Jumatatu. Tumekaa barazani na ubao mdogo wa watoto, anafundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na kila akifika kwenye kigawe kidogo cha shirika namsimamisha na kumuuliza, na yule ambaye hajaelewa?