"Naona Vizuri, Nipime Macho ya Nini?" Maswali na Majibu

Kupima macho ni kupima nini hasa?
Ni vipimo kadhaa tofauti: kuona mbali, kuona karibu, upana wa kuona pembeni, rangi, presha ya ndani ya jicho, na hali ya neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Aliyesoma herufi za ukutani na kuondoka bado hajamaliza kupimwa.

6/6 na 6/18 maana yake nini?
Namba ya kwanza ni umbali kutoka ulipokaa hadi kwenye chati, mita 6. Ya pili ni umbali ambao mwenye macho mazima angeweza kuisoma herufi hiyohiyo. Mwenye 6/18 anasogea hadi mita 6 kuona kile ambacho mwenzake anakiona akiwa mita 18. Herufi ya juu kabisa, ya 6/60, ina kimo cha karibu sentimita 9. Ya 6/6 haifiki hata sentimita 1. Asiyejua kusoma hupewa chati ya herufi E zilizogeuzwa pande nne, naye huonyesha kwa mkono zimeelekea wapi. Kwa hiyo "mimi sikusoma" siyo sababu ya kubaki nyumbani.

Kwa nini mnaziba jicho moja?
Kwa sababu jicho zima hulificha lililoharibika. Wapo wanaogundua jicho moja halioni siku wanapoliziba zima kwa mara ya kwanza, na hapo miaka imeshapita. Ziba kwa kiganja, bila kulikandamiza, maana jicho lililokandamizwa huona ukungu kwa muda. Usizibe kwa vidole. Watu huchungulia katikati yake, kisha namba inayoandikwa kwenye faili ni ya uongo.

Nikiona ukungu, si ninunue tu miwani barabarani?
Pima kwanza. Tunayo kadi nyeusi yenye tundu la takribani milimita 1. Ukichungulia hapo ukasoma mistari zaidi, mara nyingi shida yako ni ya miwani. Usiposogea hata mstari mmoja, tatizo huenda liko kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), kwenye neva, au ni mtoto wa jicho aliyekomaa. Miwani ya barabarani haitatibu hata kimoja kati ya hivyo, itakuchelewesha.

Nasoma hadi mstari wa 6/6. Bado nipimwe presha ya jicho?
Ndiyo. Hili tunaulizwa kila siku na jibu halibadiliki: ndiyo. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa kawaida huanza kula pembeni na kuacha katikati. Chati inapima katikati. Mtu anaweza kusoma 6/6 huku anagonga fremu ya mlango kwa bega, anakosa ngazi, au anashtuka pikipiki imetokea ubavuni "ghafla". Aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi wala haiwashi. Kilichopotea hakirudi, kwa dawa wala kwa upasuaji. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki. Ndiyo maana "nitakuja nikianza kuona vibaya" ni kauli ya hatari: ukifikia hapo, sehemu kubwa ya neva imeshakufa.

Lakini sioni giza lolote pembeni.
Hutaliona. Ubongo hujaza pengo kwa kubahatisha, na jicho la pili husaidia kulificha. Tunakukalisha mita 1 mbele yetu, unaziba jicho moja na kututazama puani, kisha tunaonyesha vidole juu, chini, kulia na kushoto uvihesabu. Hiki hunasa upotevu mkubwa tu. Mdogo hunaswa na mashine: unakaza macho kwenye nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila uonapo taa. Ukihamisha macho kuzitafuta taa, kipimo kimeharibika, tunaanza upya.

Presha yangu ya mkono iko sawa. Haitoshi?
Haitoshi. Ile ni ya damu, hii ni ya maji yaliyo ndani ya jicho. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Na hata ikiwa 18, lazima neva itazamwe, kwani wapo wanaoharibika na presha hiyohiyo ya "kawaida". Ukifika miaka 40, pima hata kama huna shida. Mzazi, kaka au dada akiwa na glakoma, usingoje 40.

Na kipimo cha rangi?
Ni kurasa za vidoti zenye namba ndani. Hufanywa kwenye mwanga mzuri, jicho mojamoja.

Macho yakiwasha natumia matone ya duka la dawa. Kuna ubaya?
Upo, na ni mkubwa. Baadhi ya matone yanayotuliza wekundu haraka yana deksamethasoni au betamethasoni, yaani dawa za steroidi. Ukiyatumia hayo wiki kwa wiki bila kupimwa, kwa baadhi ya watu presha ya jicho hupanda kimyakimya. Ya mtoto mwenye mzio ndiyo yanayotutia hofu zaidi, kwani mama huendelea kununua chupa ileile mwaka mzima akiona macho yametulia. Usinunue bila cheti. Usiazime ya jirani.

Nije na nini siku ya kipimo?
Miwani yote unayotumia, na kila chupa ya matone, hata iliyokwisha. Njoo na mtu wa kukurudisha: dawa ya kupanua mboni itakuacha na ukungu kwa saa 4 hadi 6, usiendeshe gari wala pikipiki. Kama una glakoma, mtu huyo awe ndugu yako wa tumbo moja, naye apimwe siku hiyohiyo.