Saa za ziada bila kibali nazo hulipwa

Wauguzi wengi wanaolipwa kwa saa huko Marekani, wakiwemo wenzetu waliotoka Kenya na Tanzania, huamini kuwa saa za ziada ambazo msimamizi hakuziidhinisha hazilipwi. Si kweli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri alipie kazi yoyote aliyoiacha ifanyike, hata kama alinyamaza tu. Kukuonya kwa kukiuka utaratibu anaweza. Kukunyima hela, hapana. Zikipita saa 40 kwa wiki, kila saa inayozidi hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida (hospitali nyingine, kwa makubaliano, huhesabu kwa siku 14). Na ile nusu saa ya chakula inayokatwa na mfumo wenyewe wa kuhesabu saa? Kama uliacha wali kwenye maikrowevu ukakimbilia kengele ya mgonjwa, hiyo ilikuwa kazi. Iandike siku hiyohiyo.