Mvi Si Hatia: Yanayosemwa Kuhusu Wazee na Wasiojiweza, na Yaliyomo Katika Sheria

Katika Kaunti ya Kilifi kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Mtu aliyelima, akaoa, akalea na akazika wenzake, leo anajifungia chumbani na rangi ya nywele kwa kuhofia panga. Inaniuma, na naamini hofu hiyo inalishwa na maneno tunayoyarudia barazani bila kuyachunguza. Maneno hayo hayo huwaacha wazi watu wazima wenye ulemavu wa akili na wale waliopatwa na maradhi ya kusahau. Nitayapitia, nikiyaweka karibu na yale ambayo sheria inasema, hasa ya Kenya.

"Wazee wanauawa kwa sababu ya uchawi"

Ngoja matanga yaishe, kisha uangalie nani amehamia shambani. Watetezi wa haki za wazee pwani wamelisema hili kwa miaka mingi: nyuma ya neno mchawi mara nyingi kuna ekari. Kijana anataka kuuza kipande, baba anakataa. Mashemeji wanataka kiwanja, mjane hajaondoka. Siku mtoto akishikwa na homa au ng'ombe akifa ghafla, jina linatajwa, na baada ya hapo kila mtu kijijini anajua kitakachofuata. Wanaobahatika hukimbia. Huko Ganze, Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kimbilio la wazee waliotuhumiwa, wengine wakiwa wametuhumiwa na watoto waliowazaa wenyewe.

Sababu inayotolewa hubadilika kulingana na mahali, na hilo peke yake lingetosha kutufungua macho. Kilifi, mzee wa kiume mwenye mvi ndiye anayelengwa sana. Usukumani, nchini Tanzania, kwa miongo kadhaa walioandamwa ni akina bibi wenye macho mekundu. Macho yale yana maelezo yake: mwanamke amepika miaka hamsini kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, ameinamia mafiga asubuhi na jioni huku moshi ukimwingia machoni. Kazi ya kuwalisha watoto wake ndiyo inayogeuzwa ushahidi dhidi yake. Na huko Marani, Kisii, mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai hayo hayo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kosa huanza kabla panga halijainuliwa. Chini ya Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, iliyopo tangu 1925, kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi, au kumtishia kwamba utamtuhumu, ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitano. Sheria haimgusi aliyepeleka malalamiko yake kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Inamgusa anayelitaja jina la mzee matangani, na mganga anayepiga ramli kisha akanyoosha kidole. Ukisikia jina likitajwa, tayari una jambo la kumpelekea chifu. Usisubiri damu.

"Mali ya mzee ni ya wanawe, wanaichukua mapema tu"

Mtu aliye hai harithiwi. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160, na ndivyo ilivyo katika mirathi ya Kiislamu inayoamuliwa na Mahakama ya Kadhi: kugawana huja baada ya kifo. Mzee akitaka kumpa mwanawe shamba akiwa hai, hiyo ni hiba, na hiba hutoka kwa hiari. Ni kweli ipo ardhi ya ukoo ambayo jamaa wanaweza kuwa na haki ndani yake ingawa hati ina jina la mtu mmoja. Mahakama ya Juu ilikubali hivyo mwaka 2018. Lakini haki hiyo hudaiwa kortini kwa ushahidi. Haidaiwi kwa kumnyima baba chakula mpaka akubali.

Tazama inavyofanyika. Mzee anaambiwa avae shati safi, wanakwenda mjini kufuatilia pesa za wazee. Anaketishwa kwenye benchi. Karatasi ya Kiingereza inawekwa mezani, mkono wake unashikwa, kidole gumba kinabonyezwa kwenye kidau cha wino wa zambarau, kisha kwenye karatasi. Kinafutwa kwa kitambaa. Ananunuliwa soda. Miezi michache baadaye anatoka nje asubuhi na kumkuta mgeni akipima shamba kwa kamba.

Hapo majirani husema, "Si aliweka kidole mwenyewe? Basi imekwisha." Haijaisha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakubali kidole badala ya sahihi kwa sababu moja tu: ni alama kwamba mtu ameridhia. Kama hakujua anachoridhia, alama hiyo inabaki wino. Sheria hiyo hiyo inaruhusu hatimiliki kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, au bila kufuata utaratibu, na mahakama inaweza kuamuru sajili irekebishwe. Msajili wa ardhi naye ana uwezo wa kuweka kizuizi ili shamba lisihamishwe kwa hila. Na kama ni shamba la kilimo lililo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya ardhi, muamala uliofanywa bila idhini ya bodi hiyo hauna nguvu. Fika kwa msajili mapema, kabla shamba halijauzwa mara ya pili na ya tatu.

"Mambo ya nyumbani hayapelekwi polisi"

Yanapelekwa. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015 haikuandikwa kwa ajili ya mume na mke peke yao. Inawahusu jamaa na watu wanaoishi nyumba moja, na haiishii kwenye kipigo: imetaja matusi, vitisho, mateso ya moyo na unyanyasaji wa kiuchumi. Mzee anayefungiwa chumbani kila siku ya malipo yumo. Anaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na asiyeweza mwenyewe anaweza kuombewa. Jirani anayeshuku ana ruhusa ya kutoa taarifa.

Kwenye pesa hapo kuna uongo mdogo unaotembea sana: kwamba anayemchukulia mzee pesa zake ana fungu ndani yake. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi KSh 2,000 kwa mwezi, na mzee asiyeweza kwenda kuchukua huwa na mlezi wa kumchukulia. Mlezi ni miguu ya mzee tu. Akirudi na kilo moja ya sukari na "mengine nimekuwekea", huyo amemwibia.

Vivyo hivyo mtoto wa kwanza. Baba akianza kupoteza kumbukumbu, kuzaliwa kwanza hakumpi mtoto mamlaka ya kuuza chochote. Mamlaka juu ya mali ya mtu wa namna hiyo hutolewa na mahakama, na anayepewa huwajibika kwayo.

"Mwenye ulemavu wa akili hawezi kutoa ushahidi"

Huu ndio uongo unaonikera kupita yote, kwa sababu wabakaji wanautegemea. Wanamchagua msichana au mwanamke wa aina hiyo wakijua kijiji kitasema hana akili, nani atamsikiliza. Sheria ya Ushahidi haisemi hivyo. Kinachoangaliwa ni kama mtu anaweza kuelewa maswali na kuyajibu kwa namna inayoeleweka. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imeongeza zaidi: mahakama inaweza kumtangaza kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, akazungumza kupitia mtu anayemwelewa, asilazimike kutazamana na aliyemdhuru. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, bila kuoga, na muombe kituoni nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

"Katiba imeshasema, yatosha"

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Ni maneno mazuri, lakini mzee aliyefukuzwa usiku hawezi kuyalalia. Kinga nilizozitaja zimetawanyika katika sheria nyingi ambazo hata mwenye kusoma anazitafuta kwa shida. Muswada wa kuwalinda wazee ulifikishwa Seneti ya Kenya mwaka 2018. Zanzibar ilitunga sheria yake ya wazee mwaka 2020. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, ilianza kutumika tarehe 4 Novemba 2024 baada ya nchi 15 kuiridhia.

Kama ningepewa nafasi ya kuongeza kifungu kimoja tu, ningeanzia kwenye ile meza yenye wino. Kabla mzee hajaweka kidole, aingizwe chumbani peke yake na mtu asiye na fungu katika shamba lile. Asomewe karatasi yote kwa Kigiriama, au kwa lugha yoyote anayoiotea ndoto, kisha aulizwe anauza nini, kwa nani, na atalala wapi baada ya hapo. Waliomleta wasubiri nje.