Kamera ndogo ya mtumba: yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Ikiwaka na kupiga picha dukani, ni nzima.

Kuwaka peke yake hakutoshi. Kinachoziua kamera hizi mara nyingi ni bomba la lenzi, lile linalochomoza ukiwasha na kurudi ndani ukizima. Mle ndani mna mota ndogo na vigia vyembamba. Chembe ya mchanga inatosha kuvikwamisha. Waliomiliki Canon za zamani wanaikumbuka E18: lenzi inasita, inalia, skrini inaandika E18, basi. Iwashe na kuizima mara 10 mfululizo ukiwa umeiweka sikioni. Mlio uwe uleule. Ukisikia mkwaruzo, au bomba likitoka limepinda, mrudishie mwenyewe. Kisha vuta zumu hadi mwisho upige ukuta mweupe. Doa linalobaki palepale kila picha ni vumbi lililokwisha kuingia ndani.

Dhana: Iliyokaa kabatini miaka mingi ni kama mpya.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana watu huongezewa bei kwa sababu yake. Unyevu wa Mombasa au Unguja hauulizi kama kamera inatumika. Kuvu huota kwenye vioo vya lenzi gizani, hasa kamera ikifungiwa kwenye mkoba wa ngozi, na asidi yake hula utando uliopakwa juu ya kioo. Mulika lenzi kwa tochi ya simu, ubavuni. Ukiona nyuzi kama za buibui, iache. Betri nayo huchakaa hata ikiwa imelala.

Dhana: Jina kubwa halikuangushi.

Kamera nyingi za miaka ya 2002 hadi 2004 zilibeba vihisi vya CCD (vipande vinavyogeuza mwanga kuwa picha) vya Sony ambavyo nyaya zake za ndani ziliachia kwa joto na unyevu. Picha zikageuka zambarau, au giza tupu. Kuanzia Oktoba 2005 Canon, Nikon, Fujifilm na wengineo wakatangaza kuzitengeneza bure.

Dhana: Isiyoingiza maji haitaingiza kamwe.

Kinachozuia maji ni mpira wa mlango wa betri, na mpira huzeeka. Olympus, kwa kamera zake za Tough zilizotengenezwa kustahimili maji, ilishauri ubadilishwe kila mwaka. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi ya bomba kabla chumvi haijakauka, na kabla ya kuufunga ule mlango upanguse mpira kwa kidole: unywele mmoja ukinaswa hapo, maji yamepata njia.